Moshi au Mvuke: Mgonjwa Anapouliza Kuhusu Bangi

(Mazungumzo ya kipindi, Dar es Salaam. Watangazaji ni Zuhura, mwandishi wa habari za afya, na Gervas, mfamasia.)

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Msikilizaji wetu mmoja wa Tabata ametuandikia kwamba mjomba wake anatibiwa saratani, tibakemia inamtapisha hadi hali chakula, na ndugu yao anayeishi Kanada amewashauri wamtafutie bangi, ila asiivute kwa msokoto bali atumie kifaa cha mvuke, kwa madai kwamba mvuke hauna madhara. Anauliza kama ndugu huyo anasema kweli. Kaka Gervas, swali hili ni lako kwanza.

GERVAS: Asante, Dada Zuhura. Ndugu huyo amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoweza kumrudisha mzee wodini. Lakini kwanza nitaje jambo ambalo aliyeko Kanada hana sababu ya kulikumbuka: kule bangi ya tiba ina utaratibu wake tangu mwaka 2001, na kuanzia Oktoba 2018 mtu mzima yeyote anainunua dukani. Hapa kwetu kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na chini ya sheria hiyo kukutwa na bangi ni kosa, hata kama aliyekutwa nayo ni mgonjwa. Hakuna daktari wa hapa atakayekuandikia bangi kwenye cheti. Kwa hiyo ninachosema leo ni maelezo ya namna mwili unavyopokea moshi na mvuke, na si ruhusa kwa mtu yeyote.

ZUHURA: Limeeleweka. Sasa tuingie kwenye moshi wenyewe, maana watu wengi wanaamini kwamba bangi, kwa kuwa ni jani la shambani lisilopita kiwandani, moshi wake si kama wa sigara.

GERVAS: Pafu haliulizi jani limetoka shamba gani. Ncha ya msokoto inayowaka hupita nyuzi joto 600, na jani lolote likiungua kwa joto hilo hutoa lami, chembechembe za masizi, kemikali za jamii ya benzopaireni ambazo zinajulikana kusababisha saratani, pamoja na kaboni monoksaidi, ambayo ni gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hiyo hung'ang'ania himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka mwilini huku nafasi ya oksijeni imeshakaliwa. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipima watu waliovuta bangi na tumbaku, wakaona kwamba kwa kiasi kile kile cha jani, mvutaji wa bangi alibakiwa na lami karibu mara 4 zaidi kwenye njia ya hewa, na kaboni monoksaidi kwenye damu yake ilipanda karibu mara 5 zaidi.

ZUHURA: Kwa sababu jani lenyewe ni chafu zaidi?

GERVAS: Sababu kubwa ni uvutaji wenyewe. Mvutaji wa bangi huvuta funda kubwa, hulishusha chini, kisha hubana pumzi, akiamini kwamba kadiri anavyobana ndivyo inavyokolea. Majaribio yameonyesha kwamba kubana pumzi hakuongezi ulevi kwa kiasi cha maana, kwa kuwa kemikali inayolevya, yaani THC, hupita kwenye damu ndani ya sekunde chache. Kinachoendelea kutua kwenye pafu wakati umebana pumzi ni lami.

ZUHURA: Na hapa mjini msokoto wenyewe mara nyingi umechanganywa na tumbaku, na mwingine umesokotwa kwa karatasi ya gazeti yenye wino. Hayo nayo yanaungua. Lakini tuwe waadilifu: bangi imethibitika kuleta saratani ya mapafu kama sigara?

GERVAS: Haijathibitika hivyo. Utafiti mkubwa wa Los Angeles uliotolewa mwaka 2006 uliutafuta uhusiano huo na haukuuona, jambo lililowashangaza hata watafiti wenyewe. Lililo wazi ni mkamba sugu, yaani kikohozi cha kila siku chenye makohozi na kifua kinachopiga miluzi. Taasisi ya kitaifa ya wanasayansi ya Marekani ilipopitia tafiti zote mwaka 2017, ilikubali kwamba ushahidi wa madhara hayo ya njia ya hewa ni mzito. Ilikubali pia kwamba bangi au dawa zitokanazo nayo zinasaidia katika mambo machache, likiwamo hili la kichefuchefu cha tibakemia. Ila angalia vizuri: kwenye kichefuchefu, ushahidi uliokubaliwa ni wa vidonge vya kumeza. Haukuwa wa moshi wala wa mvuke.

ZUHURA: Hilo nitalirudia baadaye, kwa sababu naona ndilo jibu la mjomba. Hebu kwanza tueleze hicho kifaa. Wasikilizaji wengi wakisikia mvuke wanafikiria nyungu ya mwarobaini na mchaichai chini ya blanketi.

GERVAS: Nyungu ni maji yanayochemka. Kifaa hiki hakina maji. Kina kijichumba kidogo chenye nafasi ya jani lililosagwa lisilofikia nusu gramu, na kipasha joto cha umeme kinacholipandisha jani hilo hadi nyuzi 180 au 210 hivi, likakoma hapo. Kwa joto hilo mafuta yenye THC yanapaa kama ukungu mwembamba, lakini jani haliwaki. Waswahili wanaofukiza nyumba watanielewa upesi: udi ukiwekwa kwenye chetezo cha umeme harufu inatoka, ila moshi ni mdogo kuliko ukiuweka juu ya kaa la moto. Ukimaliza na kukifungua kifaa, huoni jivu. Unaona jani lile lile limegeuka rangi ya kahawia, limekauka na linapukutika.

ZUHURA: Na watu wamepimwa, au ni maneno ya wauzaji?

GERVAS: Wamepimwa. Mwaka 2007 Daktari Donald Abrams na wenzake wa San Francisco waliwachukua watu 18, wakawapa bangi ile ile, siku nyingine kwa kuvuta, siku nyingine kwa kifaa cha mvuke. THC iliyoingia kwenye damu ilikaribiana, lakini kaboni monoksaidi waliyoitoa kwa pumzi baada ya mvuke ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ya baada ya moshi. Mwaka huo huo ukatoka uchunguzi wa maoni wa watumiaji karibu 7,000 wa Marekani, na waliotumia mvuke walilalamikia kikohozi na kubanwa kifua kwa kiasi kidogo kuliko wavutaji.

ZUHURA: Watu 18 ni wachache, na huo mwingine ni watu kujieleza wenyewe. Hakuna aliyewafuatilia kwa miaka 20 kuona mapafu yao.

GERVAS: Ni kweli, ndiyo maana ninasema mvuke wa jani una madhara pungufu ya moshi, na sivuki hapo. Anayesema hauna madhara amejiongezea maneno. Moyo, kwa mfano, haujali ulichovuta kilikuwa moshi au mvuke: THC ikiingia mapigo yanaongezeka, na mzee mwenye shinikizo la damu anaweza kuanguka akisimama ghafla.

ZUHURA: Kuna suala la kipimo pia. Nilisoma kuhusu jaribio la Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

GERVAS: Hilo ni muhimu sana kwa asiyezoea. Mwaka 2018 watafiti wa chuo hicho, mjini Baltimore, waliwapa watu 17 wasiotumia bangi mara kwa mara miligramu 10 na miligramu 25 za THC, kwa moshi na kwa mvuke. Kwa kipimo kile kile, mvuke ulipandisha THC kwenye damu zaidi, ukawalevya zaidi na kuwavuruga zaidi kwenye majaribio ya kukumbuka na kufikiri; wapo waliotapika. Na miligramu 25 ni pungufu ya kilichomo kwenye misokoto mingi. Sababu yake haina fumbo: msokoto unaungua hata wakati hujauweka mdomoni, sehemu ya THC inaharibiwa na moto na nyingine inapotea hewani, wakati kifaa hakipotezi sana. Sasa mpe mzee aliyekonda kwa tibakemia mafunda yale yale ambayo kijana anayavuta kwenye msokoto, uone kama hutamkimbiza hospitali usiku.

ZUHURA: Yaani dawa ya kuzuia kutapika ikamtapisha.

GERVAS: Inatokea. Na kuna hali ya watumiaji wa muda mrefu ambao hutapika mfululizo kwa sababu ya bangi yenyewe.

ZUHURA: Kaka Gervas, nina hofu na kitu kimoja. Mtu atatusikia tukisema mvuke una nafuu, kisha aende kununua kale kakalamu ka umeme kenye kimiminika, akijua ndicho tulichokisema.

GERVAS: Hapo ndipo nilipokuwa naelekea, na naomba nipatumie muda. Tulichokieleza mpaka sasa ni kupasha joto jani lenyewe. Kalamu ya umeme yenye katriji, yaani kichupa kidogo cha kimiminika, ni kitu kingine kabisa: ndani yake mna mafuta yaliyokamuliwa kwenye bangi, yakazimuliwa kwa vitu ambavyo mnunuzi havioni wala hana namna ya kuvipima. Katikati ya mwaka 2019 hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana wenye mapafu yaliyovimba kiasi kwamba wengine waliwekwa kwenye mashine za kupumulia. Hadi Februari 2020 wagonjwa waliolazwa au kufariki walioripotiwa walikuwa 2,807, na waliokufa walithibitishwa kuwa 68. Wengi wao walikuwa wametumia katriji za THC, hasa za kununua mtaani.

ZUHURA: Na sababu ilipatikana.

GERVAS: Ilipatikana kwenye mapafu yenyewe. Maabara zilipima majimaji yaliyotolewa kwenye mapafu ya wagonjwa 51, na kwa wagonjwa 48 zikakuta asetati ya vitamini E, mafuta mazito ambayo wachanganyaji waliyatia ili kimiminika kilichozimuliwa kionekane kizito na kizuri. Mafuta hayo ukiyapaka kwenye ngozi hayana neno. Ukiyapasha moto na kuyavuta ni balaa. Marekani ina maabara na wakaguzi, na bado ilichukua miezi kumpata mchawi. Kitu kama hicho kikiuzwa kwa siri Kinondoni au Mbezi, nani atajua kimetiwa nini?

ZUHURA: Tumrudie mjomba. Kinga yake imeshuka kwa matibabu.

GERVAS: Kwake jambo la kwanza kuogopa ni kuvu. Bangi ya magendo hukaushwa popote, hufungwa ikiwa na unyevu na husafiri ndani ya magunia, na humo huota ukungu wa jamii ya aspajilasi. Mimi na wewe tukiuvuta, chembe nyeupe za damu zinaumaliza. Mgonjwa wa tibakemia ambaye chembe hizo zimeshuka anaweza kupata maambukizi ya mapafu yanayoua, na hakuna uhakika kwamba joto la kifaa cha mvuke linaua mbegu zote za kuvu. Vitabu vya tiba vina visa vya wagonjwa wa namna hii waliougua baada ya kuvuta bangi yenye ukungu.

ZUHURA: Na kifua kikuu, kwa kuwa nchi yetu imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo.

GERVAS: Mwaka 2004 mjini Seattle kulitokea mlipuko wa kifua kikuu kati ya vijana waliokuwa wakivuta bangi pamoja ndani ya magari yaliyofungwa vioo. Hewa ya pamoja ndiyo iliyoeneza, kwa hiyo kubadili msokoto kwa kifaa cha mvuke ndani ya chumba kile kile, mkikoholeana, hakubadilishi lolote.

ZUHURA: Basi jibu la mjomba ni lipi? Maana kichefuchefu chake ni cha kweli.

GERVAS: Arudi kliniki aseme anatapika. Watu wetu wana tabia ya kuvumilia, mgonjwa akiulizwa hali anajibu kwamba hajambo, kisha anakwenda kutapika nyumbani. Dawa za kuzuia kutapika zipo: ipo ondansetroni, ipo deksamethasoni, na daktari anaweza kubadili kipimo au kuongeza dawa kabla ya mzunguko unaofuata. Kama tatizo ni maumivu, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa mofini ya maji ya kunywa, ambayo ni halali na ina kipimo. Hata kule bangi inakotambuliwa, dawa zake zilizosajiliwa hazivutwi: dronabinoli ya kichefuchefu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1985, ni kidonge, na ile ya kukakamaa kwa misuli iliyosajiliwa Uingereza mwaka 2010 hupulizwa mdomoni.

ZUHURA: Na kama yupo anayetusikiliza ambaye tayari anavuta, na hataacha kwa sababu yetu?

GERVAS: Amwambie daktari wake ukweli, na amwambie pia akibadili namna ya kutumia. Moshi wa jani linaloungua huliamsha ini liondoe baadhi ya dawa haraka, mojawapo ikiwa theofilini ya pumu. Mtu akiacha moshi ghafla, hata kwa kuhamia kwenye mvuke, kipimo kile kile cha dawa hiyo kinaweza kupanda kwenye damu hadi kikawa sumu, na daktari asiyejua atahangaika kutafuta sababu. Mwenye pumu asiguse moshi kabisa. Asiendeshe gari wala bodaboda kwa saa kadhaa. Na akipangiwa upasuaji amweleze mtaalamu wa usingizi mapema, kwa sababu watumiaji wa kila siku mara nyingi huhitaji dawa nyingi zaidi ili walale, na aliyevuta asubuhi ya upasuaji ni vyema aahirishiwe.