Msimponye Bwana Shibe Haraka

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sanaa za maonyesho, Bagamoyo)

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Nyie vijana wa nyuma, marahaba, najua mlikuwa njiani kunisalimia.

Nimeombwa nizungumzie vichekesho vya televisheni vinavyofundisha afya. Jambo hili limeshanitia aibu, kwa hiyo nianze na aibu yenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naandikia kichekesho kimoja cha televisheni. Tulikuwa na mhusika wa pembeni, mzee mlafi, ambaye kazi yake ilikuwa kuibuka kila sufuria ya jirani inapofunuliwa. Hapa tumwite Bwana Shibe. Watu wakampenda kuliko wahusika wakuu. Basi wenye kipindi wakasema tumchimbue kama chipukizi la mgomba, tumpande peke yake, awe na kipindi chake. Na kwa kuwa mfadhili alikuwa mtu wa mambo ya afya, kipindi kifundishe ulaji, presha na kisukari.

Tukaandika. Sehemu ya kwanza Bwana Shibe anaanguka, anakimbizwa zahanati, daktari anamweleza dakika nne nzima, anatoka ameokoka. Kuanzia sehemu ya pili anawahubiria majirani mchicha. Hatukufika ya sita. Kulikuwa na mama anayekaanga samaki pale sokoni, ufukweni, na yeye ndiye aliyenipa shule bila kujua. Aliniuliza huku anageuza kibua: "Yule babu wenu mmemfanya nini? Mbona siku hizi anaongea kama mwenyekiti wa kitongoji?"

Chipukizi ukiling'oa bila mizizi halishiki. Mizizi ya Bwana Shibe ilikuwa ulafi wake, na sisi tuliikata siku ya kwanza.

Hebu kijana mmoja aje hapa. Kaa. Mbele yako pana ugali na samaki wa nazi, na kopo la chumvi. Kula kama Bwana Shibe.

(Kijana akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye kopo. Ukumbi ukacheka.)

Mmeona? Ulimi haujagusa mchuzi, mkono umeshafika kwenye chumvi. Na mmecheka kabla sijawaeleza kitu, kwa sababu mtu huyo mnamjua. Wengine ndiye anayewalipia ada. Mkono huu ukiuonyesha mara ya kwanza, mtazamaji anacheka. Mara ya pili anacheka kabla haujafika. Ukiurudia vizuri, ipo siku yeye mwenyewe yuko mezani kwake, mkono unaondoka, anajiona, unasita njiani. Mimi nataka huo msito tu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mchuzi, ya mkate na ya ng'onda. Sisi tuliozoea kuona mabwawa ya chumvi kule Nunge, kijiko kimoja tunakiona kama matusi. Basi matusi hayo ndiyo kichekesho chako. Usimpe daktari ayaseme.

Msije mkadhani kipindi kuzaa kipindi ni uzushi wa juzi. Marekani mwaka 1971 kilianza kichekesho All in the Family. Mwaka 1972 kikazaa Maude. Ndani ya Maude mlikuwa na mfanyakazi wa nyumbani aitwaye Florida, naye mwaka 1974 akapewa chake, Good Times, yeye na mumewe James na watoto wao katika nyumba za watu wa kipato cha chini Chicago. Mjukuu huyo wa mgomba aliwahi kugusa presha: familia inaingiwa na hofu kwamba baba anayo, inahangaika naye akapimwe. Angalieni alivyopangwa. James ni baba mwenye hasira, anayetafuta riziki kwa tabu. Presha haikuletwa kutoka nje kama mgeni rasmi. Ilikuwa inaendana na tabia yake tangu mwanzo.

Ila bibi wa vipindi hivyo ana onyo lake. Archie Bunker, baba wa All in the Family, aliandikwa mbaguzi ili achekwe. Mwaka 1974 watafiti Vidmar na Rokeach wakachapisha utafiti wao, wakaonyesha kwamba watazamaji wenye ubaguzi walikuwa wakimwona Archie ndiye msema kweli. Kwa hiyo Bwana Shibe akila akashiba akalala usingizi mzuri kila wiki, kuna mtu huko nyumbani atasema, "Si unaona? Mzee hana hata kipele."

Hapa sisi tuna mwalimu wetu, ingawa hakuwa wa televisheni wala wa kuchekesha sana. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Wazee wa mbele mnatikisa kichwa. Mkwaju, dereva wa lori, wanawake kila kituo. Katika miaka 2 ya mwanzo matangazo hayo hayakurushwa Dodoma, makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Mkwaju hakuokoka sehemu ya kwanza. Aliachwa aendeshe lori lake mpaka mkewe Tunu akachoka naye, mpaka UKIMWI ukamkuta. Gharama ilikuja polepole, kwa nauli yake mwenyewe.

Sasa nifike ninapotaka. Miaka ile ya UKIMWI, uliokondesha watu, ilituachia kitu ambacho mwandishi wa vitabu vya Ulaya hakijui. Huku kwetu mtu akipungua, haambiwi hongera. Anaambiwa, "Mbona umekonda, kulikoni?" na macho yanamaliza sentensi. Kitambi ni cheo, shavu ni neema, aliyenenepa "amenawiri". Daktari atakushauri upunguze kilo, lakini hatakuja kukutetea kwenye kibaraza. Hapo ndipo pana sehemu kumi za kuchekesha, nasi tulizipita mbio tukikimbilia mchicha. Bwana Shibe anatembea asubuhi mpaka Kaole na kurudi, suruali inaanza kumvuka, na jirani mmoja baada ya mwingine anamletea chakula kwa huruma: pilau, maandazi, soda mbili baridi. Anakula ili asishukiwe. Hata mkewe ameanza kuulizwa kisimani.

Na takwimu? Zitie mdomoni mwa mjinga. Bwana Shibe anapimwa presha, anaambiwa mia na hamsini kwa tisini na tano. Anatoka nje anarusha kofia: "Mia hamsini! Darasani sijawahi kuvuka arobaini!" Kundi zima linampongeza. Muuguzi peke yake hacheki, anamwita arudi kupimwa siku nyingine, maana ikifika 140 kwa 90 katika vipimo vya siku tofauti, hapo ndipo panapoitwa presha ya juu. Mtazamaji atairudia ile mia hamsini kazini kesho, na mtu atauliza, "Kwani inatakiwa ngapi?"

Muda wangu umekwisha, naona mwalimu wenu ananionyesha saa. Kazi ya wiki hii: niandikieni dakika tatu. Bwana Shibe amealikwa maulidi, sinia la watu sita limewekwa chini, kachumbari upande, chumvi upande. Daktari haruhusiwi kuingia, wala mtoto anayerudi shule na akili nyingi. Mkono umeondoka. Umeishia wapi, mtaniambia Alhamisi.