Namna ya kupunguza simu za roboti ukiwa Texas

Karibuni ndugu zangu, hasa mlioko Houston, Dallas na Fort Worth. Leo tushughulikie simu za sauti zilizorekodiwa, zile zinazokuuliza habari za bima ya gari wakati uko kazini na glavu mkononi.

Tazameni simu yangu hapa. Namba inaanza na 713, ya hapa hapa Houston. Unadhani ni shule ya mtoto, unapokea. Ujanja wenyewe ndio huo: wanaghushi namba ifanane na za kwenu. Namba usiyoijua iache iite. Mwenye shida ya kweli ataacha ujumbe. Ukishapokea na wakakwambia bonyeza 2 tukutoe kwenye orodha, kata. Mama yangu alibonyeza, na simu zikazidi, maana walishajua kuna mtu anayepokea.

Sasa tuandikishe namba kwenye orodha ya taifa ya Do Not Call, yaani ya watu wasiotaka kupigiwa na wauzaji. Ukitumia simu ile ile unayotaka kuilinda, piga 1-888-382-1222, au ingia donotcall.gov. Ni bure, na haiishi muda. Kwenye tovuti watakutumia barua pepe. Lazima uifungue na kubonyeza kiungo cha kuthibitisha, la sivyo hujajiandikisha. Wauzaji wana siku 31 za kuacha kukupigia. Texas ina orodha yake pia, texasnocall.com. Jiandikishe kote kuwili.

Lakini jueni, orodha inamzuia mfanyabiashara anayefuata sheria. Tapeli haiangalii. Wanasiasa, mashirika ya misaada na wakusanya maoni nao haiwabani.

Ndiyo maana hatua hii naisisitiza kuliko zote: weka daftari karibu na simu. Andika tarehe, saa, namba iliyotokea, jina la kampuni na walichokuwa wanauza. Piga na picha ya skrini. Usisahau saa, kwa sababu hapa Texas muuzaji haruhusiwi kukupigia kabla ya saa 3 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, na Jumapili anasubiri hadi saa 6 mchana. Hizo ni saa zetu za Kiswahili. Tangu Septemba 1, 2025, sheria ya jimbo inazibana na meseji za mauzo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1991 nayo inakuruhusu kudai mahakamani dola 500 kwa kila simu iliyoivunja, hadi 1,500 ikithibitika walikusudia. Utadai nini kama hukuandika?

Meseji za utapeli zitume kwa namba 7726, namba ya kampuni za simu ya kuripoti meseji taka. Simu ziripoti donotcall.gov na kwa Mwanasheria Mkuu wa Texas. Kama pesa imeshatoka, anza na benki yako leo hii, kisha reportfraud.ftc.gov.

Haya, sasa chukua simu ya mama au ya bibi hapo nyumbani. Namba ya kwako haiilindi ya kwake. Piga tena 1-888-382-1222, safari hii kwa simu yake.