Mkojo wa rangi ya chai: malaria kali inavyoumiza figo na ubongo

KULWA: Mwangaluka wasikilizaji wetu, kuanzia Kirumba mpaka Ukerewe. Mimi ni Kulwa, na huyu ni pacha wangu Doto, anayeshinda maabara akisoma slaidi, vile vioo vyenye tone la damu. Leo nimemwomba tuongelee jambo nililokaa nalo moyoni miaka minne. Mwanangu alipolazwa na malaria nilimshikia kopo akojoe. Ukatoka mkojo mweusi unaoelekea wekundu, kama chai ya rangi iliyolala. Muuguzi akaniuliza, "Kabla ya huu, alikojoa lini?" Nikakosa jibu. Homa nilikuwa nimeifuatilia, kutapika nimekufuatilia, mkojo hata sikuuwaza.

DOTO: Na slaidi yake haikuwa ya kutisha, dada. Vimelea vilikuwepo, ila si vingi.

KULWA: Ndicho kilichonichanganya. Vidudu vichache, mtoto hoi.

DOTO: Sikiliza. Kimelea cha falciparum, ndicho kinacholeta malaria kali, kikiwa kichanga kinaonekana kama kipete ndani ya chembe nyekundu ya damu. Hivyo vipete vinazunguka na damu, na ndivyo ninavyovihesabu. Kikikomaa, ile chembe inaota vinundu na kunata kwenye kuta za mishipa midogo: ubongo, mapafu, utumbo, figo. Damu ya kidoleni haiwezi kunionyesha kilichonata huko. Nikikuandikia idadi, nimekuandikia vinavyotembea tu.

KULWA: Sasa huko ndani watu wamejuaje kinachoendelea? Mtoto huwezi kumpasua ukaangalia.

DOTO: Kwa sehemu kubwa, panya. Mwaka 1948 huko Katanga, Kongo, Vincke na Lips walipata kimelea cha malaria cha panya wa porini, kikaitwa Plasmodium berghei. Binadamu hakimpati, lakini panya wa maabara kinamuumiza vibaya. Kuna jamii ya panya weusi: ukiwaambukiza aina moja ya kimelea hicho, siku ya sita hivi wanaanza kuyumba, wanapooza, wanapata degedege, wanazimia, wanakufa. Chukua panya weupe wa jamii nyingine, waambukize kimelea kilekile. Wengi wanapita siku hizo bila ubongo kuguswa, ingawa baadaye damu inawaishia.

KULWA: Kidudu kimoja, vifo viwili tofauti.

DOTO: Hapo ndipo watafiti walipogeuza macho kwa mwenye mwili. Kuna askari wa kinga wanaoitwa seli za CD8. Ukiwaondoa kwa wale panya weusi, hawapati malaria ya ubongo, na vimelea bado wanavyo. Maana yake sehemu ya uharibifu inafanywa na kinga yenyewe, inapopigania kwenye kuta za mishipa ya ubongo mpaka zinavuja.

KULWA: Basi si wangetoa dawa ya kuituliza kinga?

DOTO: Walijaribu. Thailand, matokeo yakatoka 1982: wagonjwa 100 wa malaria ya ubongo, wengine wakapewa deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga. Waliopewa walikaa kwenye koma muda mrefu zaidi, na madhara yakaongezeka. Hapo mimi huwa nawasisitizia wanafunzi wanaokuja maabara: panya mara nyingi anapewa dawa kabla hajaanza kuyumba. Mtoto wa kisiwani Kome anavuka ziwa akiwa tayari na degedege. Tena kwa panya, chembe zenye vimelea hazinati kwenye ubongo kwa wingi kama kwa binadamu. Panya anafundisha, lakini usimchukulie kama ndiye mtoto.

KULWA: Nirudishe kwenye lile kopo.

DOTO: Narudi. Chembe nyekundu zinapasuka kwa wingi, himoglobini inamwagika kwenye damu. Ikiwa ndani ya chembe inabeba hewa, haina neno. Ikiwa nje, madini yake ya chuma yanaunguza. Figo ndilo linalochuja damu, kwa hiyo inapita pale, inachoma ile mirija midogo na kuiziba. Rangi uliyoiona ni himoglobini. Ongeza mishipa iliyozibwa na maji yaliyopungua kwa kutapika, figo linazidiwa.

KULWA: Na kwenye hili panya wamesaidia chochote?

DOTO: Hapa ndipo napenda kweli. Watafiti walichukua panya wakubwa wa maabara, wakawaharibu misuli kwa sindano. Misuli ikipasuka inamwaga kitu kinachofanana na himoglobini, na figo linaumia vilevile. Wakawapa parasetamo, figo zikaumia kidogo. Hiyo ilitoka 2010. Mwaka 2018 yakaja matokeo ya Bangladesh, kwa wagonjwa wa malaria kali: parasetamo ya kila baada ya saa sita, pamoja na dawa ya malaria, figo zao zikaenda vizuri zaidi, hasa kwa waliopasukiwa chembe za damu sana.

KULWA: Parasetamo hii ya dukani?

DOTO: Hiihii. Lakini wasikilizaji, nawaomba: wale walikuwa wodini, wanapimwa. Ukizidisha nyumbani utaua ini. Mtoto mwenye dalili za malaria kali anahitaji sindano ya atisuneti, dawa ya kuua vimelea vya malaria, na anaihitaji leo.

KULWA: Hiyo nayo ilimtosha mwanangu?

DOTO: Iliua vimelea. Mwaka 2010 utafiti wa watoto 5,425 wa nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwa kwinini walikufa 10.9 kati ya 100, kwa atisuneti 8.5. Ni maisha mengi yameokolewa. Ila hao 8.5 walikuwa wamepata dawa bora iliyopo. Kimelea kikifa, figo lililokwisha kuungua halijui kama kimekufa. Ndiyo maana walimpima mwanao kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo linavyofanya kazi, kila siku hata slaidi ilipokuwa safi, na wewe ukalalamika wanamtoboa bure.

KULWA: Nililalamika, kweli. Siku ya tano saa kumi alfajiri akaniamsha, "Mama, mkojo." Nikapeleka kopo dirishani kwenye taa ya nje. Ulikuwa wa njano. Nikamwamsha mama wa kitanda cha pili aje auone na yeye.

DOTO: Na mimi ulinipigia simu saa hiyohiyo.

KULWA: Wiki ijayo tutaongelea bandama. Wa Sengerema na Geita mlioandika kuhusu watoto wenye uvimbe upande wa kushoto, maswali yenu tunayo.