Ghorofa lililojengwa kwa hela ya cherehani

Haya ndugu zangu wa Mtwara kuchele, mambo vipi huko, mimi leo nipo New York mtaa wa 72, hapa mkabala na Central Park, na hili jengo mnaloliona nyuma yangu linaitwa Dakota. Wengi wanakuja kulipiga picha kwa sababu ya John Lennon, yule mwanamuziki wa bendi ya Beatles, alikuwa anaishi humu na akapigwa risasi hapa hapa getini Desemba 8, 1980. Ila mimi kilichonileta na kamera ni kingine kabisa.

Aliyelijengesha ni Edward Clark, mshirika wa Singer. Singer wa cherehani jamani! Ile ile nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, ya kukanyaga kwa mguu, ambayo mjomba wangu anaikalia barazani Mikindani tangu sijazaliwa, kaptula zangu zote za shule zimepita pale. Huyu Clark ndo alikuja na mtindo wa kuziuza kwa malipo ya kidogo kidogo, miaka ya 1850, mama anatanguliza hela ndogo anaondoka na cherehani yake, inayobaki analipa kila mwezi huku anashona. Yaani ukiangalia haya matofali, hizi kuta nene, kuna jasho la mafundi humu.

Ujenzi ulianza 1880, mchoro wa Henry Hardenbergh. Enzi hizo tajiri wa hapa alikuwa hataki kabisa kupanga jengo moja na watu wengine, anaona ni maisha ya kimaskini, kwahiyo ikabidi avutwe, wakaweka nyumba 65 hakuna mbili zinazofanana, nyingine vyumba vinne nyingine ishirini, lifti, umeme wa mitambo yao wenyewe. Afu katikati kuna ua, ngoja nisogee... mnaliona hili tao? Gari la farasi lilikuwa linapita hapa mpaka ndani, mtu anashuka hata tone la mvua halimgusi. Mimi huu ua ndo umenishika, maana nyumba bila ua kwetu ni nyumba gani?

Clark mwenyewe hakuwahi kuliona limekamilika, alifariki 1882, wapangaji wakaingia 1884 nyumba zote zimeshachukuliwa.

Dada, nakuomba mpelekee mjomba simu pale barazani. Shikamoo mjomba. Ndo hili ghorofa la hela ya cherehani nililokwambia juzi ukabisha, ngoja nizungushe kamera polepole ulione vizuri mpaka kule juu kwenye paa.