Kukausha Huanza Siku ya Kukata Ncha

Asanteni kwa kufika. Kabla sijasema lolote, naomba chupa hizi mbili zipite kwa kila mmoja. Fungueni, nuseni, kisha mpitishie jirani. Zote mbili zina mrihani, tena wa shina moja, niliouvuna asubuhi moja. Majani ya chupa ya kwanza yaliwekwa kwenye jua kali yakakauka siku hiyohiyo. Ya chupa ya pili yalining'inizwa kivulini, penye hewa inayopita, siku saba. Msiangalie rangi kwanza. Anzeni na pua.

Kuna na chupa ya tatu hapa mezani. Ndani yake nimetia nanaa niliyoianika siku tano zilizopita, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu wa hewa. Nimeifunga sasa hivi. Tutaifungua mwishoni.

Wengi wanaopanda viungo na majani ya dawa nyumbani huniuliza habari za mbegu, udongo na mbolea. Ni maswali mazuri. Lakini nimeona mara nyingi sana mmea uliostawi vizuri kabisa ukiharibikia mikononi mwa mwenyewe katika wiki moja baada ya kukatwa. Na nikifuatilia chanzo, mara nyingi naona kosa lilianza mapema zaidi, mmea ungali shambani: haukufundishwa umbo. Ndiyo maana nasema kukausha huanza siku ile unapokata ncha ya kwanza.

Tuanze na ncha hiyo. Mrihani ukiachwa wenyewe hukimbilia juu. Shina moja, matawi machache, kisha maua, kisha mbegu, na majani yanapungua. Ndani ya ncha hutengenezwa homoni iitwayo oksini, nayo husafiri kushuka chini kwenye shina. Katika kila kwapa la jani kuna chipukizi limelala, na maadamu oksini inashuka kwa wingi, chipukizi hilo linabaki usingizini. Mtaalamu wa viumbe Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika mwaka 1880 kwamba ncha ya mche mchanga wa nyasi ndiyo inayohisi mwanga, ilhali panapopinda ni chini yake. Kwa hiyo kuna ujumbe unaoshuka. Mwaka 1933 watafiti Kenneth Thimann na Folke Skoog walionyesha kwamba ukikata ncha ya mche wa jamii ya maharage kisha ukapaka oksini kwenye kidonda, machipukizi ya pembeni yanaendelea kulala kana kwamba ncha bado ipo.

Tangu hapo picha imekuwa pana zaidi. Mwaka 2008 ilitambuliwa kwamba kuna homoni nyingine, strigolaktoni, zinazozuia matawi pia. Na mwaka 2014 utafiti uliofanywa kwenye mbaazi za kijani, zile njegere, ulionyesha kwamba ncha ikikatwa, sukari iliyokuwa ikivutwa kwenda juu huwahi kuyafikia machipukizi ya pembeni, na hiyo ndiyo inayoyaamsha kwanza, kabla upungufu wa oksini haujafika huko. Mimi napenda sana jambo hili, kwa sababu linaeleza kwa nini mmea wenye njaa hauchipui vizuri hata ukiukata kwa ustadi. Hauna cha kugawa. Basi usikate mmea uliodhoofika. Ulishe kwanza, unyweshe, upate majani mapya, ndipo ukate.

Namna ya kukata ni nyepesi. Subirini mrihani au nanaa iwe na jozi tatu au nne za majani, kisha kateni juu kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapoota kwenye shina, mkiacha angalau jozi mbili chini. Mimea ya jamii hii, yaani mrihani, nanaa, zaatari na rosmari, huota majani mawili mawili yakitazamana, kwa hiyo kila mkato huleta matawi mawili. Moja linakuwa mawili, mawili yanakuwa manne, manne yanakuwa manane. Msitoe zaidi ya thuluthi moja ya majani kwa mara moja. Rosmari ina onyo lake: msikate hadi kwenye sehemu kongwe ya mti isiyo na jani hata moja, maana mara nyingi haichipui tena hapo. Mchaichai uko nje kabisa ya mazungumzo haya. Ni nyasi, na mahali pake pa kukulia ni chini karibu na udongo, kwa hiyo kukata majani ya juu hakuongezi tawi lolote.

Njia nyingine ni kupinda badala ya kukata. Tawi lililosimama ukililaza polepole na kulifunga kwa kamba laini, ncha yake haiko tena juu ya wenzake, na machipukizi yaliyo mgongoni mwa tawi huanza kusimama. Fungeni kwa fundo legevu, kwa sababu shina hunenepa na kamba iliyokazwa hulikata. Pindeni wakati shina bado ni teke. Likishakuwa gumu litavunjika, au litapasuka ndani bila ninyi kuona.

Sasa, haya yanahusianaje na kukausha? Yanahusiana sana. Mmea uliofundishwa vizuri una katikati iliyo wazi, na matawi yake yanakaribiana kwa unene na umri. Ukiuvuna, vishada vyako vinakauka pamoja. Mmea ulioachwa una shina nene lenye maji mengi, majani makongwe chini, machanga juu, na katikati kichaka ambamo umande haukauki hadi mchana. Hapo ukungu unaanza shambani, nawe unauingiza ndani pamoja na mavuno. Sijawahi kuona namna ya kukausha inayoponya jani lililoingia tayari na ukungu.

Vuneni asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Kwa mrihani, kateni kabla maua hayajafunguka. Nanaa na zaatari zinaweza kungoja hadi maua yanapoanza.

Chukueni gramu 1,000 za majani mabichi. Tuseme asilimia 80 ni maji. Basi kilicho kikavu ni gramu 200 tu. Mkikausha hadi unyevu ubaki asilimia 10, mtapata kama gramu 222. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa mavuno yenu lazima iondoke, iondoke kama mvuke, na hewa ndiyo itakayoibeba. Mtu akiniambia amejaza majani kwenye sanduku na kulifunika ili yakauke, namuuliza: maji hayo gramu 778 yatapitia wapi?

Na harufu iko wapi? Katika jamii hii ya mimea, sehemu kubwa ya mafuta yenye harufu iko kwenye tezi ndogo sana juu ya ngozi ya jani. Kila tezi ni kama kifuko chenye utando mwembamba. Ndiyo sababu ukipitisha kidole tu juu ya jani la nanaa, mkono wako unanukia. Maana yake ni kwamba kila unapolibana, kulikunja au kulirundika jani bichi, unapasua vifuko hivyo. Na jani la mrihani likichubuliwa huwa jeusi, kwa sababu vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa ndani ya seli hukutana na hewa na vitu vingine vya jani. Basi lishikeni shina, msishike jani.

Kuhusu joto, watu huniambia: menthol, ile inayoipa nanaa harufu na ubaridi wake, huchemka kwenye nyuzi 212 za Selsiasi, sasa nyuzi 60 zitaidhuru vipi? Angalieni nguo iliyoanikwa. Haihitaji kuchemka ili ikauke. Maji huondoka kwenye nguo chini kabisa ya nyuzi 100, na mafuta ya mmea nayo huondoka chini kabisa ya kiwango chake cha kuchemka, kidogo kidogo, na kadiri joto linavyopanda ndivyo yanavyoharakisha. Mimi sipiti nyuzi 40 kwa majani laini. Na jua la moja kwa moja lina madhara mawili, joto na mwanga. Mwanga huvunja ile rangi ya kijani.

Wala hakuna haja ya moto mkali. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 80 ni mbaya kwa kukausha. Hewa hiyohiyo ikipashwa hadi nyuzi 30 bila kuongezewa maji, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 44. Maji yaliyomo hayajapungua hata tone. Hewa imepata tu uwezo wa kubeba zaidi. Nyuzi kumi hizo, pamoja na feni ndogo inayopuliza pembeni bila kuelekezwa kwenye majani, zinatosha.

Fungeni vishada vidogo, mashina matano hadi kumi, vining'inie vichwa chini bila kugusana. Majani mapana yasiyo na shina yaanikwe kwenye wavu, safu moja. Kukauka upesi mno kuna hasara yake pia: ngozi ya jani au ya shina inakauka na kuwa kama ganda, na maji yaliyo ndani yanakosa njia. Kwa mkono unaona pamekauka. Ndani bado.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na nilipokosea mimi mwenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa na nanaa nzuri kuliko zote nilizowahi kupanda. Majani yalikatika vidoleni, nikaridhika, nikajaza chupa pamoja na vijiti vyake, nikafunga. Sikujaribu kuvunja kijiti hata kimoja. Baada ya wiki tatu nilifungua nikakutana na uvundo. Maji yaliyobaki kwenye vijiti yalirudi kwenye majani. Nilitupa zote, na niliumia, kwa sababu ilikuwa kazi ya miezi minne.

Kumbe jani likivunjika lakini kijiti kikapinda, bado hayajakauka. Kijiti kikivunjika kwa sauti, hapo mko karibu. Tieni kwenye chupa ya kioo, msijaze sana, wekeni kipimo cha unyevu ndani, fungeni. Baada ya saa kadhaa hewa ya ndani inalingana na majani. Kipimo kikisoma chini ya asilimia 60, kwa kawaida hakuna ukungu wala bakteria anayeweza kukua humo. Kikisoma kati ya 60 na 65, fungueni chupa kila siku kwa muda mfupi na mpime tena. Kikipita 65, toeni mrudishe kwenye wavu. Fanyeni hivyo wiki nzima, kila siku, msiamini siku moja.

Ukungu si suala la harufu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, huko Kanada na nyanda za kaskazini za Marekani, ng'ombe walianza kutokwa na damu isiyoganda. Aliyekatwa pembe tu alikufa kwa kuvuja. Walikuwa wakila majani makavu ya mmea wa malisho uitwao meliloto, wenye harufu tamu inayotokana na kemikali iitwayo kumarini. Daktari wa mifugo Frank Schofield, kule Ontario, alichagua vijiti vizuri na vijiti vilivyoharibika kutoka kwenye rundo moja, akalisha sungura tofauti. Aliyekula vijiti vizuri alibaki mzima. Aliyekula vilivyoharibika alikufa kwa kuvuja damu. Kundi la mwanakemia Karl Paul Link, kule Wisconsin, Marekani, lilikuja kuitambua sumu yenyewe mwaka 1940: ukungu ulikuwa umegeuza kumarini ile kuwa dikumaroli. Kutokana na kazi hiyo ilitoka warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kuua panya, na baadaye ikawa dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo wagonjwa wengi wanaitumia hadi leo.

Tazameni jambo hilo kwa makini. Mmea mmoja, rundo moja. Kilichotenganisha chakula na sumu ni namna lilivyokauka. Kwa hiyo mtu akikuambia kuna ukungu kidogo tu pembeni, atoe sehemu hiyo atumie iliyobaki, usikubali. Tupa chupa nzima.

Yaliyosalia ni mafupi. Hifadhini majani mazima, msiyasage hadi siku ya kuyatumia, kwa sababu kusaga kunapasua vifuko vyote kwa pamoja. Wekeni mahali pa giza, pasipo joto. Andikeni tarehe juu ya chupa. Baada ya mwaka mmoja hivi harufu inakuwa imepungua sana hata kama hamjakosea popote.

Naona chupa mbili zimerudi mezani. Mama pale nyuma amesema ya kwanza inanuka kama nyasi kavu na ya pili kama mrihani uliokatwa leo. Ndivyo ilivyo.

Sasa hii ya tatu. Wakati naifunga, majani yake yalikuwa yanakatika vizuri kabisa, na kama nisingekuwa na kipimo ningesema iko tayari. Njoo unisomee, kijana, sauti yako ifike nyuma. Sitini na nane. Na hiyo ni kwa saa moja tu. Hadi usiku inaweza kupanda zaidi. Basi naifungua hapahapa mbele yenu, na nikifika nyumbani inarudi kwenye wavu.