Nyaraka za Sphinx Zinatoka Tofauti Kila Kompyuta? Fuata Hatua Hizi

Habari zenu, karibuni. Leo tunashika tatizo lililonila siku nyingi, na sitaki likule na wewe. Una mradi wa Python, na nyaraka zake zinatengenezwa na Sphinx, programu ya kujenga kurasa za maelezo, kwa kiendelezi chake cha autodoc kinachochukua maelezo kutoka ndani ya msimbo. Kwenye laptopu yako ukurasa wa moduli ya malipo umejaa vizuri, kila fankisheni na maelezo yake. Seva inajenga nyaraka hizohizo kutoka msimbo uleule, halafu ukurasa ule unatoka na kichwa cha habari tu, chini yake hamna kitu. Mwenzako akijenga kwake, anapata kitu cha tatu.

Kabla hujagusa faili lolote, shika jambo moja, maana hatua zote zinatokana nalo. Autodoc haisomi msimbo wako kama mtu anavyosoma barua. Inauendesha. Inaiingiza moduli kwa import, halafu inaiuliza ikiwa hai: una klasi zipi, fankisheni zipi, zimeelezwaje? Kwa hiyo kinachotokea kwenye ukurasa ni msimbo wako pamoja na kompyuta ulipoendeshewa: toleo la Python, maktaba zilizosakinishwa, hata folda ya nyumbani ya mtumiaji.

Hatua ya kwanza, thibitisha kwamba tofauti ipo. Sphinx huhifadhi kazi iliyokwisha kufanya ili isirudie kurasa ambazo hazikubadilika. Ndiyo maana ukiongeza ukurasa mpya, kurasa za zamani zinaweza kubaki na menyu ya pembeni ya zamani. Jenga upya kabisa, mara mbili, kwenye folda mbili, kisha linganisha. Fungua terminali uandike hivi:

python -m sphinx -E -a docs jaribio1
python -m sphinx -E -a docs jaribio2
diff -r -x .doctrees jaribio1 jaribio2

Ile -E inatupa kumbukumbu ya zamani, na -a inaandika kurasa zote upya. Folda ya .doctrees tunairuka kwa sababu ni akiba ya Sphinx yenyewe, msomaji haioni. Kama folda zako mbili zinafanana, basi tofauti iko kati ya kompyuta na kompyuta. Pakua kurasa zilizojengwa na seva, uzilinganishe na zako kwa amri hiyohiyo ya diff.

Hatua ya pili, maonyo. Hapa ndipo ule ukurasa mtupu unapozaliwa. Autodoc ikishindwa kuingiza moduli, inachapa onyo, inaruka, inaendelea. Mwishoni Sphinx inakwambia imefaulu, seva inaweka alama ya kijani, na hakuna anayepanda juu kusoma mistari mia mbili ya terminali. Ongeza -W kwenye amri ya kujenga, onyo ligeuke kosa. Kama Sphinx yako ni ya kabla ya toleo la 8.1, weka na --keep-going, la sivyo itasimama kwenye onyo la kwanza na hutayaona mengine.

Mara nyingi utakuta seva imekosa maktaba fulani. Isakinishe, na uandike toleo lake kamili kwenye requirements.txt, faili la orodha ya maktaba za mradi, ili kompyuta zote zipate lilelile. Kuna maktaba zisizokubali kila mahali, RPi.GPIO, kwa mfano, inataka Raspberry Pi halisi, ile kompyuta ndogo. Kwa maktaba hiyo moja tu, andika kwenye conf.py, faili la mipangilio ya Sphinx:

autodoc_mock_imports = ["RPi"]

Sphinx itaweka kitu cha kuigiza mahali pake. Tafadhali usiorodheshe hapo moduli zako mwenyewe ili tu maonyo yanyamaze. Utakuwa umezika maelezo ambayo watu wanayahitaji.

Hatua ya tatu, na hii nakuomba uitazame kwa makini: ni nakala ipi ya msimbo inayoingizwa? Niliwahi kuandika upya maelezo ya fankisheni moja mara tatu, na ukurasa ukaendelea kuonyesha ya zamani. Msimbo ulikuwa sahihi. Sphinx ilikuwa inachukua nakala niliyoisakinisha miezi kadhaa nyuma, iliyolala ndani ya site-packages, folda ambamo Python huweka maktaba zilizosakinishwa. Mradi wetu wa mfano unaitwa duka, kwa hiyo weka mistari hii kwenye conf.py:

import duka
print(duka.__file__)

Jenga, usome njia inayochapwa. Mistari hii iwe ndani ya conf.py, siyo kwenye terminali, kwa sababu Python ya terminali huanza kutafuta kwenye folda uliyosimama na itakupa jibu la kukufurahisha. Na hapa kuna mtego mwingine: python -m sphinx huiongeza folda uliyosimama kwenye njia za kutafutia, ila sphinx-build, amri nyingine ya kujenga nyaraka hizohizo, haifanyi hivyo. Watu wawili, folda moja, msimbo mmoja, amri mbili, nyaraka mbili. Tengeneza mazingira pepe mapya (virtual environment), sakinisha mradi kwa pip install -e . ili Python itumie msimbo wako wenyewe badala ya nakala, kisha kubalianeni timu nzima kutumia amri moja.

Hatua ya nne, thamani za chaguo-msingi za fankisheni. Tazama hii:

def hifadhi(risiti, folda=Path.home() / "risiti"):

Kwa Asha, ukurasa utaonyesha /home/asha/risiti. Kwenye seva, /root/risiti. Zaidi ya kutofautiana, umetangaza jina la mtumiaji kwa kila msomaji. Kuanzia Sphinx 4.0 dawa yake ni mstari mmoja wa conf.py:

autodoc_preserve_defaults = True

Sasa ukurasa utaonyesha ulichoandika, Path.home() / "risiti". Lakini ukikuta datetime.now() mahali kama hapo, usiridhike na mstari huu. Saa hiyo inasomwa mara moja tu moduli inapoingizwa, kwa hiyo msimbo wenyewe una kosa. Weka None, uisome saa ndani ya fankisheni.

Yaliyobaki ni mepesi. Autodoc kwa kawaida hupanga fankisheni na klasi kwa alfabeti. Ukurasa mmoja ukiwa na :member-order: yake, utatofautiana na wenzake. Ifute, uweke autodoc_member_order = "bysource" kwenye conf.py, zifuate mpangilio wa msimbo. Na kama kurasa zako huonyesha tarehe ya kujengwa, ifunge kwenye tarehe ya komiti ya mwisho ya git:

export SOURCE_DATE_EPOCH=$(git log -1 --format=%ct)

Rudi sasa kwenye hatua ya kwanza. Jenga kwako, jenga kwenye seva, pakua, endesha diff. Ikirudi bila kuandika hata mstari mmoja, iache ile -W kwenye seva na uisukume komiti yako.