Pilipili Manga na Pampu ya Bakteria

REHEMA: Karibuni tena. Juma, kuna msikilizaji anauliza: kama mwarobaini upo uani, ya nini kuhangaika na antibayotiki ambazo bakteria wameshazizoea?

JUMA: Kila mtu anatafuta mmea unaoua bakteria. Mimi ninayo kemikali ya mmea isiyoua hata mmoja, na bado ni ya maana.

REHEMA: Haiui, sasa inasaidia nini?

JUMA: Mchukue bakteria Staphylococcus aureus, yule wa majipu na vidonda. Kwenye utando wake ana pampu inayoitwa NorA. Antibayotiki kama siprofloksasini ikiingia, pampu inaitoa nje kabla haijafika kiwango cha kumdhuru. Ni kama baharia anayefua maji kwa upo: chombo kinavuja, lakini hakizami.

REHEMA: Basi anyang'anywe upo.

JUMA: Ndiyo hiyo! Na kuna kichaka kilichotutangulia, Berberis fremontii, kinaota nyanda kavu za kusini-magharibi mwa Marekani. Kina berberini, kemikali ya njano inayodhuru bakteria, ila NorA huitimua nayo. Mwaka 2000 kundi la watafiti Frank Stermitz na Kim Lewis lilionyesha kuwa kichaka hichohicho kina kemikali nyingine, 5'-MHC. Yenyewe haina makali kabisa. Ila inaikwamisha pampu, berberini inabaki ndani inafanya kazi.

REHEMA: Subiri kwanza. Maana yake, ukizipima moja moja, hiyo ya pili unaitupa.

JUMA: Jalalani kabisa! Ndiyo maana nikisikia "tumeupima mmea, hauna kitu", huwa nauliza: mliupima pamoja na nini?

REHEMA: Haya, tuje kwetu huku.

JUMA: Pilipili manga, hiyohiyo ya mashamba ya viungo Unguja. Kinachowasha ni piperini. Mwaka 2006 watafiti wa India walichapisha kwamba ukiichanganya na siprofloksasini, inaonekana kuikwamisha pampu, na dawa kidogo zaidi inatosha kumzuia Staphylococcus.

REHEMA: Mama mkwe atafurahi, na chai yake ile ya viungo!

JUMA: Chai anywe, shikamoo yake nampa. Lakini ile ilikuwa maabara, kwa viwango vilivyopimwa. Halafu kuna jambo watu hawalisemi: piperini inagusa pia pampu na vimeng'enya vya mwili wetu wenyewe. Fenitoini, dawa ya kifafa, imeonekana kupanda kwenye damu ikiambatana na piperini. Anayemeza vidonge vya piperini amwambie daktari wake.

REHEMA: Kwa hiyo famasia hakuna kidonge cha kuzuia pampu ya bakteria?

JUMA: Hakijaidhinishwa hata kimoja. Reserpini, ya mmea wa Rauvolfia, iliwahi kuwa dawa ya presha. Reserpini inaikwamisha NorA, ila kwa kiwango ambacho ni sumu kwa mtu. Na pampu ni ujanja mmoja tu. Wale Staphylococcus sugu wanaoitwa MRSA wamejipatia protini mbadala ya ile ambayo dawa za jamii ya penisilini huishambulia, na hii mpya haziishiki vizuri. Hapo hata uzibe pampu zote, hujagusa tatizo.

REHEMA: Na msikilizaji wetu tumwambieje?

JUMA: Kama ana kidonda kisichopona, asibahatishe dawa ya tatu dukani. Aende hospitali aombe usaha uoteshwe, ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamweza.